Nakala ya Nne

Mtoto alipotea Jumamosi alasiri, kwenye harusi ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiipiga video.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi, ubatizo na mazishi, kisha kuzinakili kwenye zile kanda kubwa ambazo watu walizitia kwenye deki zao nyumbani. Nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Ziwani. Mbele ya pazia palikuwa duka: runinga, deki mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, na mafundo ya nyaya ambayo mimi tu niliyaelewa. Nyuma ya pazia nililala.

Kaka yangu mkubwa alikaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Jumamosi alinibebea taa. Siku za kazi alikuwa mtu wa baraza la jiji, akizunguka mitaa ya Mathare na Huruma kusoma mita za maji. Alikuwa mrefu, mkimya, na alivaa jaketi la kahawia alilonunua soko la mitumba la Gikomba, mvua au jua. Watu walimjua kwa jaketi hilo. Wengine hawakumpenda, kwa sababu siku moja moja aliandamana na mafundi waliokata maji ploti nzima ya nyumba za kupanga.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa jirani zetu, familia ya Ukambani. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake alishona sare za shule. Msichana wa miaka minne. Siku hiyo alivaa gauni la manjano, na nakumbuka nilimpiga picha akicheza mbele ya wazee huku wakimpigia makofi. Kufikia wakati wa kukata keki, mama yake alikuwa akizunguka ukumbi akiita. Kufikia machweo, mtaa mzima ulikuwa ukiita.

Jumapili asubuhi mama huyo aligonga mlango wangu. Hakuwa amelala, na kilemba kilikuwa kimemtoka kichwani.

"Sista," aliniambia, "wewe ulikuwa na kamera mchana kutwa. Nionyeshe. Nionyeshe kila kitu."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wateja wangu hawakulijua. Kamera yangu ilitumia kanda ndogo, za kutoshea kiganjani. Harusi moja ilijaza tatu au nne. Jioni ya harusi nilizihamisha zote kwenye kanda moja kubwa, na ili harusi nzima iingie humo niliiendesha deki kwa mwendo wa polepole. Mwendo huo ulibana picha. Rangi nyekundu zilivuja nje ya mistari yake, sura za watu wa mbali zikawa kama zimepakwa mafuta. Wateja hawakulalamika, kwa kuwa sura ya bibi harusi ilikuwa karibu. Kisha zile kanda ndogo nilizirudisha kwenye mfuko, nikazitumia tena harusi inayofuata, juu ya harusi ya watu. Kila mteja niliyempa kanda kubwa nilimwambia: "Hii ndiyo yenyewe." Hakuna aliyepata yenyewe.

Kwa hiyo Jumapili ile niliweka kanda kubwa. Tulitazama mimi, mama wa mtoto na mumewe, saa tatu mfululizo, mpaka tukaiona. Ilikuwa sehemu fupi, kama pumzi tano au sita. Nilikuwa nikipiga picha magari ya wageni nje ya ukumbi. Nyuma kabisa, kwenye lango, gauni la manjano lilikuwa likitoka. Mtoto ameshikwa mkono na mtu mwenye nguo nyeusi nyeusi, labda kahawia. Uso wake haukuwa uso. Ulikuwa doa.

Mama alipiga magoti mbele ya runinga, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii ndiyo picha yenyewe?" mumewe aliniuliza. "Hakuna nyingine iliyo wazi zaidi?"

Mfuko wa kanda ndogo ulikuwa chini ya meza, karibu na mguu wangu. Ningeuinua tu. Lakini ningesema nini? Kwamba nimewadanganya watu wa mtaa mzima miaka mitano? Kwamba hata harusi yenu ninyi wawili, niliyoipiga, nimeifuta? Nilijiambia pia kwamba tofauti itakuwa ndogo, kwamba mtu yuko mbali mno. Nilijiambia haraka haraka, kwa sababu alikuwa akinisubiri.

"Hii ndiyo yenyewe," nilisema.

Mchana huohuo nilimtolea baba wa mtoto nakala za sehemu hiyo, nikiirudia mara kumi ili watu wapate muda wa kuitazama. Moja ilipelekwa polisi. Nyingine baba wa mtoto alizisambaza kwa marafiki na makanisa. Mtu mmoja aliipeleka Huruma, kwa mwenye banda la video, ambaye aliinakili tena na kuigawa kwa wenzake. Walifanya hivyo kwa moyo mzuri. Kabla ya filamu kuanza walionyesha kwanza kanda ya mtoto, na watu waliitazama.

Jumanne nilikwenda kupiga video ya mazishi. Nilichukua kanda ndogo mbili kutoka mfukoni bila kutazama.

Jumatano alikuja mteja wangu mmoja, mama muuza mboga wa Huruma, kuchukua kanda ya ubatizo wa mjukuu. Alikuwa ameshalipata alilolijia lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni akikunja na kukunjua mfuko wake.

"Kaka yako yuko wapi leo?" aliuliza.

"Kazini. Kwa nini?"

"Mwambie asipite kwetu." Aliangalia nyuma yake. "Watu wanasema yule wa kwenye kanda ni msee wa mita, jamaa yule anayesoma maji. Mimi sisemi. Nakuambia tu wanavyosema. Wanasema ni lile jaketi."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka, naye hakucheka. Nilifunga duka nikamfuata hadi Huruma.

Banda lilikuwa la mabati, lenye mabenchi, na mchana ule lilikuwa na watu kama arobaini. Nilikaa nyuma, nikajifunika leso. Mwenye banda alitia kanda. Nilipoihesabu kichwani, hiyo ilikuwa nakala ya nne: kutoka kanda ndogo hadi kubwa, kutoka kubwa hadi ile niliyompa baba wa mtoto, kutoka hiyo hadi ya mwenye banda wa kwanza, kisha hii. Picha ilikuwa ikitetemeka, imejaa chembe kama mchanga. Gauni la manjano lilikuwa limegeuka weupe tu. Ukuta na lango vilikuwa vimeshikana. Mtu yule alikuwa kivuli cha kahawia, chenye mashimo mawili ya macho na kiza mahali pa mdomo.

Na nilimwona kaka yangu.

Sikutaka kumwona. Nilifumba macho, nikayafumbua, naye alikuwa palepale: mabega yake, shingo yake iliyoinama kidogo mbele, jaketi lake. Kijana mmoja benchi la mbele alisema, "Si ni yeye? Cheki vile anatembea." Mwingine akajibu, "Huyo msee huingia kila nyumba. Anajua watoto wote." Kukawa na mguno uliozunguka banda lote, mguno wa watu waliokubaliana.

Nilirudi Ziwani kwa miguu, na njiani nilifanya jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu yeyote wa familia yetu. Nilianza kukumbuka Jumamosi dakika kwa dakika nikimtafuta kaka yangu ndani yake. Wakati nikipiga picha magari, taa haikuwa nami. Hakuwa nami. Alikuwa wapi? Huyu aliyenilea baada ya baba kustaafu reli na kurudi nyumbani magharibi, aliyenipeleka shule akinishika mkono, nilikuwa nikimhesabia dakika.

Nilimkuta anapika ugali. Nilimweleza mambo ya Huruma, nikamwomba asiende kazini kesho yake.

"Nisipokwenda ndipo watasema nimekimbia," alisema.

"Wakati ule mtoto anatoka langoni, wewe ulikuwa wapi?"

Mwiko ulisimama. Hakugeuka. Nilimwona tu mgongo.

"Nilikwenda kuazima waya mrefu wa umeme kwa mchungaji," alisema. "Muulize." Baadaye, kwa sauti ya chini, aliongeza, "Hata wewe?"

 Aliupakua ugali, akaniwekea, yeye akatoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka nikaondoka.

Alhamisi asubuhi alikwenda kazini, na jaketi lake mwilini. Mimi nilifunga mlango, nikaumwaga mfuko wa kanda ndogo mezani. Zilikuwa kanda kumi na moja, na hakuna iliyoandikwa chochote. Nilianza kuzipitisha kwenye kamera moja baada ya nyingine. Ubatizo. Sherehe ya watoto wa shule. Harusi nyingine. Harusi ile, sehemu ya kanisani. Harusi ile, sehemu ya chakula. 

Ya mwisho ilikuwa mazishi ya Jumanne. Nilijua mara moja. Niliona jeneza, nikaona kwaya, na zote nilizokwisha kuzipitia hazikuwa na magari wala lango. Nilikuwa nimezika picha ya yule mtoto chini ya maiti ya mtu mwingine. Niliiendesha mbele. Wasifu wa marehemu. Wimbo. Watu wakirusha udongo. Nilikuwa nikilia kwa sauti, peke yangu chumbani, nikiiomba kanda imalize mazishi. Ghafla picha ilikatika, ikaingia theluji, zile chembe nyeupe za kanda tupu, na kutoka kwenye theluji likatokea lori lililopambwa maua.

Mazishi yalikuwa yamekula magari yote ya mwanzo. Lango lilikuwa limebaki. Labda dakika moja zaidi ya mazishi, na lango nalo lingefutwa.

Niliiunganisha kamera na runinga, nikatazama. Picha ilikuwa safi kana kwamba nimesimama pale. Mtu yule hakuwa na jaketi. Alikuwa na sweta jekundu la rangi ya damu ya mzee, na rangi yake ilikuwa ndiyo iliyovuja na kuoza hadi ikawa kahawia. Alikuwa na ndevu zilizoanza mvi. Alikuwa mfupi; kichwa chake hakikufika kwenye bawaba ya juu ya lango, ambayo kaka yangu aliipita kwa kichwa kizima. Nilikaa chini sakafuni kwa aibu, kabla hata ya kufurahi.

Kisha niliona jambo la pili. Mkono mwingine wa mtoto haukuwa mtupu. Upande wa ukuta alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kijivu, rangi moja na ukuta wenyewe. Kwenye kanda kubwa alikuwa ameyeyuka. Hapa alikuwa mtu kamili. Aligeuka kidogo kuelekea kamera, na mtoto alikuwa akimtazama juu na kumchekea.

Nilikimbia hadi nyumbani kwa mama wa mtoto. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani bila kushona. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote kwa pumzi moja: kuna picha nyingine, ilikuwepo tangu Jumapili, niliificha, njoo uione. Aliinuka kama hakunisikia vizuri. 

Nilimwekea. Alitazama mara moja tu.

"Ni yaya," alisema.

"Nani?"

"Yaya wangu wa kwanza. Alimlea tangu kuzaliwa. Niliachana naye mwaka jana." Alisogea karibu na runinga. "Alifiwa na mtoto wake akiwa kazini kwangu. Mungu wangu. Na huyo mwanamume ni shemeji yake, anakaa Kariobangi, nimewahi kufika kwake."

Tulikuwa bado tumesimama mbele ya runinga wakati mwana wa yule mama muuza mboga alipofika mlangoni, mwanamume mtu mzima, akihema, mikono magotini.

"Mama amenituma," alisema. "Wamemshika kaka yako. Kwa kinu cha unga, pale nyuma ya banda. Dada, wameleta tairi na petroli."

Wapo watu wanaosimulia hofu kama kelele. Mimi nilichosikia ni kimya. Niliichomoa kamera kutoka kwenye nyaya, nikaikumbatia kifuani, na tulikimbia, mimi na mama wa mtoto, yeye bila viatu kwa sababu alikuwa amevivua mlangoni kwangu. Kuna vipande vya njia hiyo ambavyo sivikumbuki kabisa. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikiogopa kuanguka na kuivunja kamera, na nikiogopa kufika.

Umati ulijaza kichochoro chote. Mwenye kinu, mzee mmoja mnene, alikuwa amemvuta kaka yangu ndani na kushusha mlango wa chuma, naye amesimama mbele yake mikono imetandazwa. Walikuwa wakiupiga mlango kwa mawe. Baba wa mtoto alikuwa pale; walikuwa wamekwenda kumchukua kazini aje athibitishe. Alikuwa amesimama katikati yao, midomo ikimcheza, na mtu mmoja akimpigia kelele masikioni: "Sema ni yeye! Buda, sema tu!"

Mkewe hakuniacha niseme. Alipita katikati ya wanaume wale akiwasukuma kwa viwiko, akapanda kwenye ngazi ya kinu kando ya mzee.

"Si yeye!" alipaza sauti. "Mimi ni mama wa mtoto! Nimemwona aliyemchukua mwanangu kwa macho yangu, na si huyu!"

"Sisi pia tumemwona!" mtu alijibu. "Kwa video!"

"Mmeona uchafu!" Alininyoshea kidole. "Picha yenyewe anayo huyu. Waonyeshe."

Nyuso zote zilinigeukia. Niliona jiwe mkononi mwa mwanamke wa rika langu, na niliona kwamba bado hajaamua. Mwenye banda la video alitokea, akanishika mkono, akaniingiza bandani, na watu wakafuata hadi mabati yakabinyika. Mwenye banda ndiye aliyeutia waya kwenye tundu la deki.  Nilibonyeza. Picha ilikataa. Mistari tu. Nyuma yangu ukaanza ule mguno. Nilirudisha nyuma kidogo, nikabonyeza tena, na lango likatokea.

 Walitaka irudiwe. Nikairudia. Yule kijana aliyekuwa benchi la mbele jana yake alisogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Hii ni sweta," alisema. "Ni mzee." Kisha kama anayelaumu runinga: "Na kuna manzi hapo, mwanamke kabisa. Huyo manzi alikuwa wapi?"

 Mimi ndiye niliyejua alikuwa wapi, na sikufungua mdomo.

Watu walitawanyika, wakiangalia chini. Mlango wa chuma uliinuliwa, kaka yangu akatoka. Alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, isipokuwa pale damu ilipopita kutoka sikioni. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Nilitaka kumshika, akarudi nyuma hatua moja, si kwa hasira, nadhani, bali kwa kuwa mwili wake ulikuwa ukimkwepa kila mtu.

Baba wa mtoto na mkewe walikwenda na polisi Kariobangi mchana huohuo. Walimkuta mtoto kwa dada wa yaya, amekaa mkekani akila mandazi. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amesukwa nywele upya na kuvishwa nguo nyingine. Mama yake alinisimulia baadaye kwamba alimwita jina lake mara mbili, mtoto asigeuke. Kwa siku tano alikuwa akiitwa jina la yule mtoto aliyekufa, na alikuwa ameanza kulijibu.

Alinisimulia hayo wiki moja baadaye, dukani kwangu. Alikuja na msichana amemfunga mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa alikuwa ameshapita umri wa kubebwa.

"Jumapili ile ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua kuna kanda nyingine. Sikujua kuna nini ndani."

"Lakini ulijua ni bora."

"Ndiyo, mama."

 Nilitamani anipige. Aliniambia tu, "Siku nne," kisha akaondoka. Tuliendelea kuwa majirani miaka sita. Alinisalimu kila siku, na hakuwahi tena kuingia ndani.

Niliandika kwa kalamu nene jina la kila shughuli kwenye kila kanda ndogo, na tangu hapo nilimkabidhi kila mteja zile za kwanza. Nilikwenda pia mlango kwa mlango Huruma na Mathare kukusanya nakala za kivuli. Nilizipata kumi na mbili, nikazivuta utepe wote nje na kuzichoma moto. Lakini mwenye banda mmoja aliniambia yake alimwazima mtu wa Kayole, na wa Kayole akasema alimnakilia binamu yake anayesafiri. Hakuna aliyejua zilikuwa ngapi. Mahali fulani kaka yangu aliendelea kumwongoza mtoto kutoka langoni, kila nakala akifanana naye zaidi.

Hakurudi kusoma mita. Alijaribu, alifika mlango wa kwanza, mtoto akafungua, naye akashindwa kuingia. Mwisho wa mwezi ule alifunga vitu vyake kwenye sanduku moja la bati. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi la magharibi. Tulisubiri, na basi lilipoanza kunguruma nilimwambia, "Nisamehe kwa lile swali."

Alilaza mkono kichwani pangu, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

"Ulikuwa umeogopa," alisema. "Hata mimi, kule ndani ya kinu, nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama ni mimi."

Kisha akapanda.